Jinsi ya Kukusanya Kumbukumbu za Vita za Wachina wa Malaya kwa Kutumia Chai ya Liubao

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kurekodi simulizi za wazee wa Kichina walioishi Malaya (nchi iliyotawaliwa na Waingereza, ambayo leo ni rasi ya Malaysia) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, hasa wale wa bonde la Kinta katika jimbo la Perak, ambako migodi ya bati iliwavuta vibarua wengi kutoka kusini mwa China. Njia inayopendekezwa ni kuanzia kwenye chai waliyoinywa, na si kwenye vita vyenyewe. Mzee aliyekuwa na umri wa miaka minane mwaka 1942 sasa amevuka miaka 90, na wakati ule hakujua lolote kuhusu mipango ya majeshi. Ukimwuliza kuhusu vita, mara nyingi atakueleza yale aliyoyasikia ukubwani au aliyoyasoma gazetini. Ukimwuliza kilichokuwamo ndani ya birika la nyumbani, atakueleza alichokiona kwa macho yake.

Kuna sababu nyingine, nayo ndiyo msingi wa mwongozo mzima. Chai ya Liubao haikuwa zao la Malaya, bali ililetwa kwa meli kutoka China, na vita vilikata njia yake. Kwa hiyo katika kila simulizi ya chai hii kuna pengo la miaka kadhaa ambapo majani yalikwisha na mapya hayakufika. Kazi ya mhojaji ni kulitafuta pengo hilo, kujua lilianza lini katika nyumba husika, na kuuliza ni nini kiliingia mahali pake.

Ijue chai na njia yake

Usiende kwa mzee kabla ya kuielewa bidhaa yenyewe. Chai ya Liubao hutoka katika mji mdogo wenye jina hilohilo, wilayani Cangwu, karibu na jiji la Wuzhou katika mkoa wa Guangxi, kusini mwa China. Majani hukaangwa, husokotwa, huvundikwa yakiwa na unyevu, kisha hukaushwa, hupitishwa kwenye mvuke na kushindiliwa ndani ya vikapu vikubwa vya mianzi, ambamo huendelea kubadilika polepole kwa miaka mingi. Maji yake huwa mekundu ya kuiva, ladha yake ni laini isiyokwaruza koo, na wajuzi huisifu ile yenye harufu inayofanana na popoo. Ufundi wa kuitengeneza uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika ya China mwaka 2014, na mwaka 2022 ukawa miongoni mwa mila za chai za China zilizotambuliwa na UNESCO.

Vikapu vilishuka kwa mashua na mitumbwi kupitia mito midogo hadi mto Xi, vikafika Guangzhou, vikapakiwa tena kuelekea Hong Kong, na kutoka huko meli zikavipeleka bandari za Malaya na Singapore. Migodini chai hiyo haikuwa anasa. Iliaminika kwamba inapunguza joto la mwili na kumkinga mtu na madhara ya kufanya kazi huku amesimama majini mchana kutwa, na ilikuwa na sifa nyingine ya manufaa kwa mwenye mgodi, kwamba ikichemshwa asubuhi haiharibiki upesi hata ikikaa hadi jioni katika hali ya hewa ya kitropiki. Ilipikwa kwa wingi katika nyumba ya pamoja ya wafanyakazi, ambayo huko huitwa kongsi, na kila mtu alijichotea kwa bakuli.

Andaa kalenda ya vita kwenye ukurasa mmoja

Hii ndiyo sehemu ambayo wahojaji wengi huiruka, kisha wakarudi nyumbani na saa kadhaa za sauti zisizoweza kupangwa kwa mfuatano. Andika matukio machache tu, lakini yawe sahihi. Vita kati ya Japani na China vilianza Julai 1937. Guangzhou iliangukia mikononi mwa Wajapani mwezi Oktoba 1938, na hapo njia ya kawaida ya vikapu vya Liubao ikavurugika, ingawa Hong Kong ilibaki wazi hadi ilipoanguka tarehe 25 Desemba 1941. Wajapani walitua Kota Bharu, kaskazini mwa Malaya, tarehe 8 Desemba 1941, wakaishambulia Penang kwa mabomu siku tatu baadaye, wakaingia Ipoh kabla ya mwaka kwisha, wakachukua Kuala Lumpur tarehe 11 Januari 1942, na Singapore ikasalimu amri tarehe 15 Februari 1942. Japani ilitangaza kusalimu amri tarehe 15 Agosti 1945.

Kando ya tarehe hizo andika miaka ya wanyama ya kalenda ya Kichina, kwa sababu wazee wengi huhesabu kwa hiyo. Mwaka wa Farasi ulianza Februari 1942, ukafuatwa na wa Mbuzi, wa Tumbili, na wa Jogoo, ambao ndio mwaka vita vilipokwisha. Singapore ilisalimu amri siku ileile ya kwanza ya mwaka wa Farasi, jambo ambalo ni nanga nzuri sana kwa mhojaji, kwani hata mtu asiyekumbuka tarehe yoyote hukumbuka sikukuu ya mwaka mpya ambayo haikusherehekewa. Kumbuka pia kwamba kwa desturi ya Kichina mtoto huhesabiwa kuwa na mwaka mmoja tangu kuzaliwa, na huongezewa mwingine kila mwaka mpya unapoingia. Mzee akisema alikuwa na miaka tisa Wajapani walipofika, huenda kwa hesabu ya cheti cha kuzaliwa alikuwa na saba au minane.

Ongeza safu ya tatu kwa yale yaliyotangulia uvamizi, maana vita vya Wachina wa Malaya havikuanza mwaka 1941. Oktoba 1938 jumuiya za Wachina wa Asia ya Kusini-Mashariki ziliunda huko Singapore shirikisho la kuchangia China, likiongozwa na mfanyabiashara Tan Kah Kee. Mwaka 1939 madereva na mafundi wa magari wapatao 3,200 waliitikia mwito wake na kwenda mkoa wa Yunnan nchini China kuendesha malori katika barabara ya Burma, iliyoipelekea China mahitaji ya vita, kutoka Lashio huko Burma hadi Kunming, safari ya zaidi ya kilomita 1,100 ya milima, matope, malaria na mabomu. Inakadiriwa kwamba thuluthi moja walikufa, thuluthi nyingine walirudi baada ya vita, na waliosalia walibaki China. Familia nyingi za Perak, Penang na Singapore zina kaka au mjomba aliyeondoka mwaka ule, na swali la nani alikuwepo mezani na nani hakuwepo chai ilipomiminwa linaweza kumfufua mtu ambaye jina lake halijatajwa kwa miaka mingi.

Tafuta majani na uyapike kama yalivyopikwa mgodini

Nunua Liubao ya kawaida, iliyokaa miaka michache. Hakuna haja ya kutafuta chai ya kale, na kusema kweli ukiambiwa unauziwa majani ya kabla ya vita, shuku. Pia fahamu kwamba uvundikaji mzito wa viwandani ulienea tangu miaka ya 1950, kwa hiyo chai utakayoinunua haifanani kabisa na ile iliyoshuka melini mwaka 1936. Mzee akiionja na kusema kwamba hiyo hasa ndiyo ladha ya zamani, usifurahi haraka mno. Mwulize zamani ipi, maana inawezekana anaikumbuka chai ya miaka ya 1960 aliyoinywa akiwa tayari ana watoto.

Chunguza majani kabla ya kuyatia majini. Vidoa vidogo vya manjano vilivyotapakaa kama vumbi si kasoro, na wapenzi wa chai hii huvitafuta. Ukungu wenye manyoya, uwe mweupe, wa kijani au mweusi, pamoja na harufu ya uvundo inayochoma pua, ni dalili kwamba chai imeharibika na inafaa kutupwa.

Kwa lita moja ya maji chukua gramu 10 hadi 15 za majani. Yamwagie maji yanayochemka, yazungushe kidogo, kisha umwage maji hayo ya kwanza, ambayo kazi yake ni kuosha vumbi na kuyafungua majani yaliyoshindiliwa. Tia maji mengine, yaache yachemke kwa moto mdogo kwa dakika tano hadi kumi, halafu funika na uondoe motoni. Rangi itakolea kutoka chungwa hadi wekundu wa kahawia, na mvuke utabeba harufu ya mbao na udongo mkavu. Harufu hiyo ndiyo unayoihitaji ndani ya chumba, kwa hiyo pika mbele ya mzee badala ya kuja na chupa iliyojazwa tayari. Acha sehemu ipoe kabisa, kwa sababu wachimbaji waliinywa pia ikiwa baridi, na mzee huenda akaitambua ya baridi kuliko ya moto.

Tumia mabakuli. Vikombe vidogo, trei ya mianzi na mbwembwe zote za meza ya wajuzi huvutia katika picha, lakini huigeuza ziara kuwa onyesho, na mtu aliyelelewa kongsini huanza kutazama adabu za mwenyeji badala ya kusimulia. Mmiminie mzee kwanza, tena mpe bakuli kwa mikono miwili. Mwite kwa jina la heshima linalotumika nyumbani kwake. Katika bonde la Kinta utasikia zaidi Kikantoni na Kihakka, na Penang husikika Kihokkien, kwa hiyo bibi mmoja ataitwa Ah Poh na mwingine Ah Ma. Waulize wajukuu mapema ni lipi linalofaa, kwa sababu kukosea katika jambo hili ni kuanza kwa mguu mbaya.

Uliza kuhusu vitu, kisha nyamaza

Swali la kwanza liwe la vitendo na lisilo na vita ndani yake. "Ah Poh, asubuhi ni nani aliyeweka maji motoni, na majani yaliwekwa wapi?" Kutoka hapo fuata safari ya majani: yalinunuliwa duka gani au yalitolewa na mwenye mgodi, yalipimwa kwa kipimo gani, kikapu kikiisha kilitumika kwa kazi gani. Mtoto wa mgodini anaweza kukueleza kwamba yeye ndiye aliyebeba chai kumpelekea mama yake aliyekuwa akichekecha madini ya bati mtoni kwa sinia la mbao, kazi iliyofanywa na wanawake wengi wa Perak, na maelezo ya njia aliyopita yakakupa ramani ya kijiji ambacho hakipo tena.

Ndipo uliulizie pengo. Chai ilianza lini kupungua? Je, ilipungua ghafla, au kwanza majani yalichemshwa mara ya pili na ya tatu? Mlipokosa chai mlikunywa nini? Swali hili la mwisho lina nguvu kuliko yote niyajuayo, kwa sababu jibu lake halipatikani katika vitabu vya shule, na kila nyumba ina lake. Nyumba moja itasema maji ya moto matupu, nyingine itataja majani yaliyochumwa ua wa nyuma, na nyingine itakumbuka mganda wa mwisho uliofichwa kwa ajili ya mgonjwa. Likishajibiwa, mengine hujiandama yenyewe. Atakwambia kwamba mchele nao ulikwisha wakala muhogo na viazi vitamu, kwamba mgodi ulisimama na baba akaenda kulima, kwamba noti za Wajapani zenye picha ya mgomba zilijaa mfukoni lakini hazikununua kitu.

Baada ya swali zito, hesabu kimya na usijaze. Mhojaji mwenye pupa hupoteza mengi katika sekunde kumi za kwanza za ukimya, na bakuli la chai lina faida hapa, kwani humpa kila mtu kitu cha kufanya kwa mikono yake wakati mzee anatafuta maneno.

Kuna mambo ambayo hupaswi kuyavuta. Baada ya kuanguka kwa Singapore, jeshi la Japani liliwakusanya wanaume wa Kichina na kuwaua kwa wingi katika msako unaojulikana kama Sook Ching, na mauaji kama hayo yalifanyika pia katika rasi ya Malaya. Wachina wa Malaya na Singapore walilazimishwa kutoa mchango wa dola milioni 50. Wasichana walifichwa darini au wakanyolewa nywele wafanane na wavulana. Mzee akifika karibu na mlango wa habari kama hizo kisha akarudi nyuma, rudi naye kwenye chai. Akitaka kuingia ataingia mwenyewe, labda siku nyingine, na kwa hiyo panga ziara zaidi ya moja tangu mwanzo.

Pima simulizi bila kumsahihisha msimulizi

Kazi hii hufanywa nyumbani, baada ya kuandika sauti yote kwa maneno. Kosa linalojitokeza sana ni kuchanganya vita viwili. Mwaka 1948 Waingereza walitangaza huko Malaya Hali ya Hatari, yaani vita dhidi ya wapiganaji wa kikomunisti wa msituni, iliyodumu hadi 1960, na kuanzia mwaka 1950 mamia ya maelfu ya Wachina wa mashambani walihamishiwa katika vijiji vipya vilivyozungushiwa seng'enge. Kwa hiyo simulizi yenye seng'enge, lango linalofungwa usiku, na walinzi wanaopekua mizigo kutafuta chakula kinachopelekwa msituni, kwa kawaida ni ya miaka ya 1950 hata kama mzee ameiweka chini ya Wajapani. Chai husaidia hapa pia: ikiwa katika simulizi hiyo Liubao ilikuwepo dukani kama kawaida, yaelekea vita vya Wajapani vilikuwa vimeshapita. Andika maoni yako katika daftari tofauti, na uache maneno ya mzee kama alivyoyatamka.

Majina ya mahali yaandike kwa tahajia ya sasa pamoja na jina alilolitumia yeye, kwani mji mmoja unaweza kuwa na jina la Kimalei, la Kikantoni na la Kihakka.

Soma vitu vilivyobaki

Mara nyingi, ziara inapoendelea vizuri, mtu wa nyumbani huinuka na kurudi na kikapu, kopo au bahasha. Usikisafishe. Kipige picha pande zote kikiwa karibu na rula, kisha soma maandishi yake kwa subira, maana lebo inaweza kutoa ushahidi ambao kumbukumbu haina. Kiwanda cha chai cha Wuzhou kilianzishwa mwaka 1953, hivyo kikapu chenye jina lake hakikuwepo wakati wa vita. Jina la Mkoa Unaojitawala wa Guangxi Zhuang lilianza mwaka 1958, na alama ya Kichina ya neno Zhuang ilibadilishwa mwaka 1965, kwa hiyo alama hiyo moja inaweza kukuonyesha lebo ilichapishwa upande gani wa mwaka huo. Lebo inayoitaja nchi ya Malaysia haiwezi kuwa ya kabla ya 1963.

Nyaraka za wakati wa vita zina mitego ya tarehe. Risiti na stempu za utawala wa Kijapani zinaweza kuwa na mwaka 2602 hadi 2605 kwa hesabu ya kifalme ya Japani, yaani 1942 hadi 1945. Barua za Kichina za wakati huo hutumia miaka ya Jamhuri, na ili kupata mwaka wetu unaongeza 1911, hivyo mwaka wa 28 ni 1939. Ukikuta bahasha za fedha zilizotumwa China, zinazoitwa qiaopi, zitunze kwa uangalifu wa pekee: mkusanyiko wa barua za aina hiyo uliingizwa mwaka 2013 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na bahasha moja inaweza kuonyesha mwezi ambao familia iliacha kutuma fedha kwa sababu njia imefungwa.

Majani makuukuu yaliyokutwa ndani ya kikapu yasinywewe. Yaache humohumo, mahali pakavu penye hewa, mbali na jua na jikoni, na usiyafunge kwenye mfuko wa plastiki unaozuia unyevu kutoka.

Idhini na mahali pa kuweka

Idhini iombwe mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya mzee kusomewa au kusikilizishwa alichosema. Mpe nafasi ya kuamua sehemu zipi zibaki zimefungwa na kwa muda gani. Jambo hili si utaratibu mtupu kwa watu wa Perak, kwa sababu wengi waliowapelekea chakula na chai wapiganaji wa msituni dhidi ya Wajapani walijikuta miaka michache baadaye wakitiliwa shaka na serikali kwa urafiki uleule, na hofu hiyo haijaisha katika kila nyumba.

Familia ipewe nakala ya kwanza, ya sauti na ya maandishi, katika lugha aliyoizungumza mzee. Nakala nyingine inaweza kutolewa kwa taasisi yenye uwezo wa kuitunza. Kuala Lumpur kuna Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Malaysia pamoja na Kituo cha Masomo ya Wachina wa Malaysia, kilichoanzishwa mwaka 1985. Singapore ina Kituo cha Historia Simulizi, ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1979 na ambacho kina mkusanyiko mkubwa wa mahojiano kuhusu enzi ya Wajapani. Ukipeleka rekodi yako huko, ambatanisha maelezo ya chai iliyopikwa siku ya mahojiano: ilitoka wapi, ilikuwa na umri gani, ilipikwa vipi, na mzee alisema nini alipoionja, ili msikilizaji wa baadaye ajue ni ladha ipi iliyokuwa mdomoni mwa msimulizi alipokuwa akizungumza.